Kiti cha Mhudumu Mpya

Dada yangu alipotimiza miaka hamsini nilimwambia neno moja tu: "Jumamosi utakaa, uletewe."

"Niletewe nini?"

"Chochote. Hata maji. Lakini uletewe."

Akacheka, akadhani natania. Mimi sitanii. Nina saluni yangu ya kusuka, ndogo lakini yangu, na mtu anayeshinda ameshika vichwa vya watu hana muda wa kubembeleza. Nikamwambia aje mapema nimsuke, avae lile gauni la kijani alilolishona kwa harusi ya binamu yetu na kulivaa siku hiyo moja tu, kisha tutoke, sisi wawili, tukakae kwenye bustani tule kuku kama watu wengine.

Sasa, kusema kweli, Dada bustani anazijua. Ni mhudumu wa meza kwenye bustani moja ya vinywaji na vyakula, meza kumi na moja chini ya miti, taa za rangi zimening'inizwa kwenye matawi, majani yamekatwa vizuri upande unaoonekana kutoka barabarani. Yuko hapo miaka kumi na tisa. Wateja wanamwita Mama Trei, maana anabeba trei iliyojaa glasi kwa kiganja kimoja huku mkono wa pili unafuta meza. Anajua nani hapendi barafu, nani amegombana na mkewe, na nani akipewa kiti cha karibu na jiko atanuna mpaka aondoke. Kitu kimoja tu hakijui kwenye bustani ile, nacho ni kukaa.

Mwenye bustani anataka aitwe Mkurugenzi. Meza kumi na moja, Mkurugenzi! Anakaa ndani ya kiofisi nyuma ya kaunta, na kiofisi kina kidirisha kidogo ambamo anachungulia trei, aproni na kofia za kazi zinavyopita. Sheria zake amezibandika ukutani. Ya kwanza inasema mhudumu hakai, kwa sababu mteja akimwona mhudumu amekaa atadhani biashara imekufa. Dada amemwomba kiti kila mwaka tangu miguu ianze kumvimba. Kiti tu jamani, cha kupumzika dakika tano nyuma ya kaunta. Kila mwaka jibu ni lile lile: kiti kinaleta uvivu.

Ya pili ni kuhusu ruhusa. Jumamosi hakuna ruhusa ila kwa ugonjwa au msiba, na atakayedanganya anaondoka siku hiyo hiyo. Naye hatanii. Mwezi uliopita mpishi wa chipsi alisema anaumwa tumbo, akaonekana harusini anacheza, mkono mmoja hewani. Kesho yake hakuwa na kazi, na mpaka leo anazunguka.

Kwa hiyo Dada akasema amefiwa na shangazi. Kabla hujamhukumu, sikiliza. Shangazi yetu alikufa kweli, miaka saba iliyopita, siku ya Jumamosi, na Mkurugenzi alimkatalia ruhusa kwa sababu kulikuwa na watu wa sherehe meza zote. Dada alihudumia sherehe ile macho mekundu, na shangazi akazikwa bila yeye. Mimi nilimwambia hiyo ruhusa ni yake, ameichelewesha tu. Lakini moyo wake haukutulia. Nilipokuwa namsuka aliniuliza mara tatu, "Akijua je?" Ana watoto wawili shuleni na mume ambaye kazi yake ni kutafuta kazi. Nikamwambia atajuaje, tunakwenda upande mwingine kabisa wa mji.

Nilichagua kwa makusudi ile bustani ambayo Mkurugenzi huisema vibaya kila siku. Huwaambia wafanyakazi wake kwamba kule kuku ni wa juzi, bia ni ya moto, na choo hakifai hata kwa adui. Nikajua hapo hatumkuti ng'o.

Tulifika saa kumi na mbili, jua linazama, taa ndiyo zinawashwa. Pazuri, niseme ukweli. Maua yamemwagiliwa, meza zina vitambaa, muziki uko chini kiasi cha kumsikia mwenzio. Dada akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari. Mara akachukua karatasi ya kufutia mikono, akaanza kufuta meza. Nikampiga kofi la mkononi. Akaacha. Kidogo tu, namwona anapanga chumvi na pilipili katikati, kisha anamtazama mhudumu, mwanamume mmoja mrefu mwenye haraka, akamlaani kimoyomoyo.

"Ameingiza vidole ndani ya glasi," akaninong'oneza.

"Haikuhusu."

"Vidole vyote vinne!"

"Wewe leo ni mteja. Lalamika au nyamaza."

Akanyamaza. Tukaagiza. Akaanza kuegemea kiti, hata akavua kiatu kimoja chini ya meza, na nikaona bega lake limeshuka kidogo. Nikasema moyoni, haya, sasa ameanza kuletewa. Ndipo akakishika kifundo changu cha mkono akakibana.

"Usigeuke."

Nikageuka, bila shaka. Meza mbili nyuma yetu alikuwa amekaa mtu peke yake, amevaa kofia pana aliyoivuta mpaka kwenye nyusi, mbele yake sahani ya kuku. Kofia ilikuwa ya kujificha. Ila tumbo lile, na ile pete ya kidole kidogo, havifichiki kwa kofia. Mkurugenzi! Mwenyewe! Yuko kwenye bustani yenye kuku wa juzi, anatafuna mpaka mfupa.

Ningecheka mpaka nianguke, kama si uso wa Dada. Rangi ilimtoka. "Nimekwisha," akasema. "Kazi imekwenda. Miaka kumi na tisa imekwenda kwa ajili ya kuku." Akainua menyu akajifunika nayo uso mzima, akaisoma juu chini. Nikamwambia tuondoke taratibu kupitia nyuma ya jiko. Akasema njia ya kutokea inapita mezani kwake. Nikamwambia basi tukae, ale, aondoke yeye. Tukakaa. Kuku wetu aliletwa tukamtazama tu.

Sasa sikia kilichotokea. Yule mhudumu mrefu alikuwa anapita nyuma ya Mkurugenzi na trei ya glasi tupu, na meza ya jirani mtu akasukuma kiti nyuma bila kuangalia. Trei ikayumba. Naapa sikumwona Dada akiinuka. Nilichoona ni menyu iko chini kwenye majani, na Dada amesimama pale na kiatu kimoja, trei iko juu ya kiganja chake, hakuna glasi iliyoanguka hata moja.

"Asante dada, nishikie hapo hapo," akasema yule mwanamume, akakimbilia jikoni alikokuwa anaitwa. Mtu gani anamwachia mteja trei? Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Na Dada amesimama hatua moja kutoka kwa Mkurugenzi wake.

Mkurugenzi akanyanyua kidole bila kuinua kichwa. "Dada! Pilipili na ndimu."

Na Dada yangu, Mungu amsamehe, akajibu kama alivyojibu kila siku kwa miaka kumi na tisa: "Ndiyo, Mkurugenzi."

Nikafumba macho. Nilipofumbua, Mkurugenzi alikuwa ameacha kutafuna. Akaweka mfupa chini. Akaisukuma kofia nyuma, akamtazama Dada usoni, kuanzia nywele nilizozisuka mimi mpaka mguu usio na kiatu, akarudi tena usoni. Miwani alikuwa nayo, niliangalia. Taa ilikuwa juu yao kabisa.

"Umenijuaje?" akauliza.

Dada akazitazama glasi.

Basi yule mtu akaanza kutabasamu, polepole, mpaka masikioni. "Kumbe najulikana mpaka huku! Mkurugenzi! Wanakuambia nini kunihusu?"

"Wanasema... una bustani."

"Naam! Bustani ya uhakika." Akainama, akashusha sauti, lakini mimi masikio yangu ni ya saluni. "Usimwambie mtu umeniona. Nimekuja kufanya utafiti." Kuku mzima wa utafiti alikuwa amebaki mifupa tu.

Dada akafanya nini? Akaja mezani kwetu, akachukua pilipili na ndimu zetu, akampelekea. Na kwa kuwa mkono wake haujui kukaa bure, akaokota mifupa iliyoanguka, akafuta ile meza mara mbili, kutoka katikati kwenda pembeni, bila kumgusa mtu wala kumwagia tone. Mkurugenzi alimwangalia kama mtu anayeangalia mpira.

"Umeona hivyo unavyofuta?" akamwambia. "Hiyo ndiyo kazi. Una miaka mingapi kwenye kazi hii?"

"Kumi na tisa."

"Inaonekana! Mimi kule ninaye mmoja wa miaka hiyo hiyo, hajajifunza kitu. Leo kaja na hadithi ya kufiwa na shangazi. Shangazi huyo huyo alishakufa miaka saba iliyopita, mimi sisahau mambo! Jumatatu anaondoka. Nafasi yake chukua wewe."

Hebu fikiria. Shangazi yetu anamkumbuka, marehemu ambaye hakuwahi kumwona hata siku moja.

Mimi ningemrushia zile glasi. Dada akauliza kwa sauti ya chini, "Huyo ana shida gani?"

"Mzito. Halafu malalamiko. Mara miguu, mara kiti. Kila mwaka kiti, kiti, kiti!"

"Na mimi nikija, nitapata kiti?"

Mkurugenzi akajilamba kidole chenye pilipili. "Wewe? Kiti, chakula cha mchana, na Jumapili ya kupumzika. Mtu anayejua kazi lazima atunzwe." Akatoa kadi yake mfukoni, ina jina lake kwa herufi za dhahabu, akaiweka juu ya trei. "Jumatatu, saa nne." Jina la Dada hakuuliza. Akalipa, akavuta kofia, akatoka kwa haraka.

Dada akarudi mezani, akavaa kiatu chake. Mimi nilikuwa nimejaa kicheko mpaka machozi. "Umepona!" nikamwambia. "Umepona, mwanamke! Hakukujua!"

Hakucheka. "Hakunijua," akasema.

"Si ndiyo bahati yenyewe?"

"Alipougua malaria nilimpelekea uji kitandani wiki nzima. Mama yake alipofariki, mimi ndiye niliyepika chai ya msiba, siku tatu, nilikuwa naingia na kutoka mbele yake. Kanitazama machoni, umeona mwenyewe, hakunijua." Akaigeuza ile kadi huku na huku. "Nilikuwa nakufa kwa hofu tangu tukae. Kumbe nilikuwa naogopa nini?"

Kicheko kikanikauka. Iliniuma, nisiseme uongo, iliniuma kuliko kama angemfukuza palepale. Dada akainua mkono, akamwita yule mwanamume mrefu. "Kaka, niletee maji ya baridi. Na ushike glasi chini." Akaletewa. Akanywa yote.

Jumapili nilimsihi asirudi kule kabisa. Aliniambia, "Nimeitwa kazini. Mmoja kaitwa kufukuzwa, mmoja kaitwa kuajiriwa. Nitawawakilisha wote wawili."

Jumatatu nilifunga saluni. Wateja wangu wanisamehe, kuna mambo mtu hakosi. Nilikaa meza ya tano na soda yangu. Wafanyakazi walikuwa wameshaambiwa yote na Dada. Mpishi wa kuku alikuwa anauma kitambaa cha mikono asicheke, mlinzi amegeukia ukuta. Dada akaingia kwa mlango wa wateja, gauni la kijani, nywele zangu, kadi mkononi.

Mkurugenzi akatoka kumpokea mwenyewe! Akamtembeza bustani yote. Akamwonyesha jiko, akamwonyesha stoo, akamwonya kwamba meza ya tano ina mguu mfupi. Dada akaitikia kwa adabu, yeye ambaye ndiye anayekunja kile kipande cha boksi na kukiweka chini ya mguu ule kila asubuhi. Kisha Mkurugenzi akabeba kiti kutoka ofisini kwake, kiti cha mbao chenye mto, akakiweka nyuma ya kaunta. "Ahadi ni ahadi," akasema, na wafanyakazi wote wakakitazama kile kiti. Akatungua aproni na kofia ya kazi kwenye msumari. "Vaa hizi za yule mwingine, yeye hana kazi nazo tena. Akifika yule mwongo, mlete ofisini kwangu." Akaingia, akafunga mlango, akaanza kumsubiri.

Dada akavaa. Aproni ilikuwa na doa la moto ubavuni, la siku ile ya sherehe, shangazi alipozikwa. Akaingiza misuko ndani ya kofia. Akahudumia meza mbili, trei kiganjani. Halafu akaenda nyuma ya kaunta, akakikalia kile kiti, taratibu, akanyoosha miguu.

Hazikupita dakika mbili. Kidirishani kikatokea kichwa cha Mkurugenzi, na sauti ikalipuka. "Wewe! Umefika saa ngapi? Na nani kakuruhusu kukalia hapo? Toka! Kiti hicho ni cha mhudumu mpya!"

Bustani nzima ikageuka. Hata mimi, ambaye nilikuwa nimejiandaa kucheka, nilishindwa.

Dada hakuinuka. "Mkurugenzi," akasema, "njoo huku nje unitazame."

Akaja, ameshatunisha mashavu tayari kwa kufukuza. Dada akavua ile kofia, misuko ikamwangukia mabegani. Akatoa kadi ya dhahabu kwenye mfuko wa aproni, akaiweka juu ya trei, akamnyooshea trei yenyewe.

"Wa zamani unayetaka kumfukuza ni mimi. Mpya uliyempa kiti ni mimi. Fukuza mmoja unayemtaka, sitabisha. Lakini huyu mwingine anabaki amekaa."

Mkurugenzi akaitazama kadi. Akaitazama aproni, akaitazama miguu iliyovimba iliyonyooshwa mbele yake, akafungua mdomo.

"Mkurugenzi," mpishi akauliza kutoka dirisha la jikoni, kwa upole kabisa, "ule utafiti ulikuwa na chumvi ya kutosha?"

Mlinzi akashindwa kujizuia, akaanza kukohoa. Nilidhani yule mtu atapasuka. Kidole kilikuwa kimeshanyanyuka, na ningeweza kuapa anatufukuza sote, pamoja na mimi nisiye na kazi pale. Lakini kidole kikabaki hewani, hakikupata pa kuelekea, kikashuka. Akavuta kiti cha meza yangu, akakikalia bila kunisalimu. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena, akamtazama Dada. Safari hii alimtazama kwa muda mrefu.

"Hivi," akasema, na sauti yake haikuwa ya Mkurugenzi, "jina lako hasa ni nani?"

Hapo hakuna aliyecheka. Dada akamwambia, jina lake na la baba yetu. Mkurugenzi akapapasa kalamu mfukoni, akaigeuza ile kadi upande wake mweupe, akaanza kuandika, akakwama katikati. Akamwomba arudie. Dada akarudia, polepole, akiwa amekaa.